Macho Mekundu ya Ng'ombe, na Kumtunza Asiyeona

Katika maradhi yawapatayo ng'ombe yako yale yauayo kwa siku chache, na mtu akiyaona humkimbilia Bwana Mifugo mara moja. Yako na mengine yasiyoua, na kwa kuwa hayaui hudharauliwa. Ugonjwa wa macho mekundu ni mmojawapo wa haya ya pili. Ng'ombe hafi, bali jicho lake laweza kufa. Asiyeona hawezi kwenda malishoni pamoja na wenzake, hukonda, maziwa yake hupungua, na akipelekwa mnadani hununuliwa kwa bei ya kitoweo. Huko Usukuma, na kila mahali watu walimapo kwa maksai, jicho la maksai lililopotea mwisho wa kiangazi ni shamba lisilolimwa mvua zinapoanza.

Neno nitakalo ulishike ni hili: macho mengi hayapotezwi na ugonjwa wenyewe. Hupotezwa na siku za kungojea, na tena na mkono wa mtu atiaye ndani ya jicho vitu visivyofaa.

Ugonjwa huletwa na vijidudu visivyoonekana ila kwa darubini, viitwavyo Moraxella bovis. Mnamo miaka ya 1923 na 1924 wataalamu wawili wa Marekani, Jones na Little, walieleza jinsi ugonjwa huu uambukizavyo kutoka jicho hata jicho. Walakini vijidudu peke yake havina nguvu sana. Huhitaji wasaidizi, na wasaidizi wao ni jua kali, vumbi, mbegu za majani makavu zichomazo jicho, na nzi. Mwaka 1965 wataalamu wa Ames, katika jimbo la Iowa, walieleza majaribio ya kuwamulikia ng'ombe kwa taa zenye mwali kama ule wa jua uunguzao ngozi. Wale waliokuwa na vijidudu na tena wakamulikiwa waliugua vikali kuliko wengine. Ndiyo sababu ng'ombe wenye kope nyeupe, kama vile Hereford na baadhi ya Friesian, hushikwa upesi kuliko wa kienyeji wenye kope nyeusi. Lakini wa kienyeji naye si salama, hasa ndama, kwa maana mwili wake haujazoea kupigana na vijidudu hivi.

Nzi ndiye tarishi. Hutua jichoni mwa mgonjwa, akanywa machozi, kisha huruka kwa mwingine, na vijidudu huweza kukaa miguuni mwake kadiri ya siku tatu. Na usimdhanie nzi peke yake: kitambaa kimoja kikipangusa macho ya ng'ombe watatu hufanya kazi ile ile.

Sasa tazama jinsi ugonjwa uendavyo. Siku ya kwanza utaona machozi yakitiririka shavuni, na vumbi likigandamana na njia ya machozi. Ng'ombe hufumba jicho, huinamisha kichwa, hukimbilia kivuli, maana mwanga wamwumiza. Ukifunua kope utaona wekundu ndani yake. Baada ya siku moja au mbili kitone cheupe hutokea katikati ya kioo cha jicho, nacho ni kidonda. Kikiachwa hukua, na jicho lote huwa kama limetiwa maziwa. Kisha mishipa myembamba ya damu huanza kutambaa kutoka ukingoni kwenda katikati, na jicho huonekana jekundu na la kutisha.

Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapo ndipo hawana haki ya kukata tamaa. Mishipa ile ni fundi aliyekuja kuziba shimo. Ikiwa kidonda hakikutoboka, jicho hupona kwa muda wa majuma matatu hata matano, likabakiwa na chamba kidogo cheupe ambacho mara nyingi hakimzuii ng'ombe kuona njia yake. Likitoboka, maji ya ndani humwagika, jicho husinyaa, wala hapana dawa ya kulirudisha. Basi kazi yako yote ni kulizuia lisitoboke.

Kuna mazoea ya kupuliza chumvi kavu jichoni, au unga wa tumbaku, au maji ya majani yaliyotafunwa. Mfugaji husema, "Tazama, machozi yametoka mengi, uchafu wote umetoka." Machozi yametoka kwa sababu umemchoma! Kioo cha jicho ni chembamba, na kidonda kimekwisha kukila. Chembe ya chumvi juu yake ni kama mchanga wa kusugulia sufuria. Wako waliopuliza hivyo na ng'ombe akapona, nao hujisifu. Lakini yule angalipona vilevile pasipo kupulizwa. Ukipenda chumvi, itumie kwa akili: chemsha maji nusu lita, tia kijiko kidogo kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, ngoja yapoe. Maji hayo yakaribiana na machozi yenyewe kwa chumvi yake. Oshea jicho taratibu, uondoe matongo na mbegu za majani, ukitumia kipande kipya cha nguo safi kwa kila ng'ombe, kisha uchome vipande hivyo. Nawa mikono kabla ya kumgusa mwingine.

Dawa ya hakika ni ya kuua vijidudu. Bwana Mifugo hutumia sindano ya oksitetrasaiklini ile ikaayo mwilini siku nyingi, kipimo cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wa ng'ombe, na hurudia baada ya saa 72. Kwa dawa iliyoandikwa asilimia 20, ng'ombe wa kilo 250 hupata mililita 25, nazo hugawanywa mahali mbalimbali penye nyama ya shingo, zisidungwe zote pamoja. Usidunge mara moja ukaacha kwa kuona jicho limefumbuka. Maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zitimie, na nyama yake kadhalika. Mafuta ya macho nayo ni mazuri, lakini machozi huyaosha, hivyo hutiwa mara tatu au nne kila siku. Mwenye ng'ombe wengi hawezi kazi hiyo. Angalia sana usitie mafuta yaliyochanganywa na deksamethasoni au dawa ya jamii yake, kwa sababu huzuia kidonda kisifunge.

Siku hiyo hiyo uonapo machozi, mtenge mgonjwa. Mweke chini ya mti wenye kivuli kizito, au kibandani, mletee majani na maji. Kama ni jicho moja tu, waweza kulifunika kwa kipande cha nguo nzito ya kaniki au jinzi, kilichogandishwa kwa gundi katika manyoya yaliyozunguka jicho, upande wa chini ukiachwa wazi ili machozi yatoke. Kivuli hicho kidogo humtuliza, na nzi hawafiki. Kitaanguka chenyewe. Macho yote mawili usiyafunike.

Zizi lifagiliwe, na samadi ipelekwe mbali, kwa kuwa ndimo nzi wengi huzalia. Moshi wa jioni ambao wazee wetu huuwasha zizini ni desturi njema wala usiiache. Dawa nyingine za kuogeshea kupe hufukuza nzi pia. Uliza ipi kabla ya kununua. Na ng'ombe aliyenunuliwa mnadani asiingizwe zizini siku ile ile, hata kama macho yake ni maangavu, maana aliyepona huweza kubeba vijidudu miezi mingi bila dalili.

Lakini si kila jicho jeupe ni ugonjwa huu, na hapa lazima uwe na macho wewe mwenyewe. Ukiwa karibu na nyanda za Serengeti au Ngorongoro, ambako nyumbu huzaa kati ya Januari na Machi, ukaona ng'ombe ana homa kali, kamasi nzito, na macho yote mawili yanakuwa meupe kuanzia ukingoni kwenda katikati, hayo ni maradhi yaletwayo na nyumbu. Wamaasai wayajua sana, nao huhamisha ng'ombe mbali na ndama wa nyumbu. Aliyeshikwa hayo hufa, isipokuwa kwa nadra. Kumbuka tofauti: macho mekundu huanzia katikati. Ndigana kali nayo huweza kutoa machozi, lakini mitoki huvimba na homa hupanda. Pengine ukifunua kope utaona minyoo myeupe kama uzi ikijinyonganyonga. Nayo ina dawa yake. Tena kuna ng'ombe ambaye macho yake ni safi kabisa, mboni zimepanuka, na jioni hujigonga miti: huyo amekosa majani mabichi kiangazi chote, na mwili umeishiwa vitamini A. Mpe majani mabichi na marando ya viazi vitamu, na mwambie Bwana Mifugo.

Ikiwa jicho limepotea, bado ng'ombe yupo. Upofu wa ugonjwa huu haurithiwi. Mtamba kipofu atazaa ndama mwenye kuona na kumnyonyesha. Usimsukume kwenda lambo la mbali pamoja na kundi, asije akatumbukia korongoni au kupigwa pembe. Mpe mahali pamoja, hori mahali pamoja, maji mahali pamoja, wala usivihamishe. Atajifunza kwa siku chache na kutembea kama mwenye macho. Mwekee mwenzi mpole mmoja mwenye kengele shingoni, naye atamfuata. Sema naye kabla ya kumgusa, maana ng'ombe aliyeshtuka hupiga teke, na si kwa ubaya. Ndama asiyeona kwa muda apelekwe kwenye chuchu kwa mkono, asubuhi na jioni, kwa kuwa ndama wengine hukonda kwa njaa tu, si kwa ugonjwa.

Ukichagua fahali, chagua mwenye kope nyeusi, kwa sababu rangi ya kope hurithiwa.

Maksai mwenye chongo hafai kutupwa. Mngoje apone kabisa, kisha mfunge nira ili jicho bovu lielekee kwa mwenzake na jicho zima lielekee nje. Mpe mwenzake wa zamani aliyezoeana naye, mtangulize mtoto mwenye kuongoza, na siku za kwanza lima matuta machache asubuhi, kabla jua halijawa kali.