Avoka anapashwa kujua kuuliza mushuhuda

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama munaongojea mushahara kule nyumbani: kwenye tribinali ya kazi, kesi inaweza kupotea hata kama sheria iko upande wetu. Inapotea wakati mushuhuda anaulizwa vibaya.

Kode ya kazi ya mwaka 2002 inasema mufanyakazi mwenye kontra isiyo na mwisho hawezi kufukuzwa bila sababu ya kweli. Kama sababu haiko na hakurudishwa kazini, tribinali inaweza kumupa fidia mupaka mishahara ya miezi 36. Hiyo ni chakula, nyumba na masomo ya watoto. Lakini nani atamuonyesha juji kama sababu ya bosi ni ya uongo? Ni mwenzake wa timu, yule aliyeona.

Tuseme shefu aliandika kama mutu fulani aliacha posti. Mushuhuda anasema: « Alitoka. » Kwetu, hata mutu aliyeenda kuchukua kamba na kurudi, alitoka. Lakini karani anaandika kwa Kifaransa, na kwa karatasi inaweza kuonekana kama alikimbia kazi.

Avoka aliyefundishwa haachi neno hilo lipite. Anauliza: « Nani alimutuma? Alienda wapi? Alirudi saa ngapi? Ulisikia mwenyewe, ao walikuelezea? » Asiyefundishwa anauliza: « Si shefu alimutuma, akaenda mbio, akarudi? » Hapo maulizo matatu yako ndani ya moja, na jibu iko ndani pia. Mushuhuda anaitika tu « ndiyo », na juji anawaza kama walimufundisha la kusema.

Tena kwetu ni juji anayeongoza maulizo. Avoka anapitisha yake kwake. Kama ulizo ni refu, linafika kwa mushuhuda limevunjika.

Ufundi huu hauingie kwa kusoma vitabu tu. Sawa vile mutu anajifunza kutoboa mwamba, ni kwa mukono. Avoka kijana anafanya staji miaka 2. Ndani ya staji hiyo tunaomba kesi za kujaribia: mumoja juji, mumoja mushuhuda, mumoja avoka wa kompani. Akikosea, mwalimu anamusimamisha, anamuonyesha kosa moja, na anarudilia ulizo palepale. Ajifunze pia kumuuliza shefu bila makelele: « Siku ile ulikuwa hapo? Uliona wewe mwenyewe? »

Na sisi sendika tuko na kazi. Tufungue vyumba vyetu vya mikutano kwa avoka vijana, na wachimbaji wakae kama mashuhuda, waseme Kiswahili cha mugodi. Lakini tusimufundishe mushuhuda maneno ya kusema. Ushuhuda wa uongo unaleta gereza. Aseme paka kile aliona. Avoka ndiye ajue namna ya kumuuliza.