Mwana Atakaye Kuunda Vyombo vya Anga

Walimu na wazazi mkaao kando ya milima ya Uluguru, mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya watoto wapendao kutazama juu. Wako wengi kuliko mnavyodhani. Wazee wetu nao walitazama: waliijua Kilimia, wakajua kwayo majira ya kulima. Lakini mtoto wa siku hizi, akikaa nje usiku huko Mgeta au Matombo, aona pia nuru ndogo ipitayo kati ya nyota bila kelele, wala si ndege. Huuliza ni nini, na akiisha kujibiwa kwamba ni chombo kilichoundwa na watu, husema, "Nami nitaviunda."

Hapo ndipo nyumba hucheka. Na katika Uluguru, ambako mtoto ni wa ukoo wa mama yake, neno la mjomba ni zito katika mambo ya karo na masomo. Mjomba huuliza, "Kazi hiyo iko wapi, na nani atakulipa?" Swali hili si baya hata kidogo, nasi twaliheshimu. Walakini lastahili kujibiwa kwa habari za kweli, si kwa kicheko.

Kwanza na tueleze jinsi chombo kikaavyo juu bila kuanguka, kwa maana jambo hili huwashangaza hata watu wazima. Tuseme mtu amesimama juu ya kilele cha Kimhandu, akatupa jiwe kuelekea mashariki. Litaanguka bondeni. Akilitupa kwa nguvu zaidi, litafika Matombo. Zaidi tena, litafika Bagamoyo. Zaidi tena, litazama katika bahari. Sasa kumbukeni kwamba dunia ni mviringo. Katika sekunde ya kwanza jiwe huanguka kadiri ya mita 5. Na uso wa dunia, ukienda mbele kilometa 8, huinama kadiri ya mita 5 vilevile. Basi jiwe likienda kilometa 8 kwa sekunde moja, huanguka, na ardhi nayo huinama chini yake kwa kadiri ileile, hata lisifike chini kamwe. Huanguka daima likizunguka dunia. Hiyo ndiyo satelaiti. Kwa mwendo huo mtu angetoka Morogoro akafika Dar es Salaam kabla ya nusu dakika kwisha! Lakini hewa ya chini ingelizuia jiwe letu na kuliunguza, ndiyo sababu roketi hupanda kwanza mpaka hewa iwe haba mno, kisha hulala upande na kukimbia.

Mwalimu wa Hisabati aliye na somo hili mkononi hahitaji kutafuta mfano mwingine wa kuwaamsha wanafunzi wake.

Wengine hudhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali tu. Sivyo. Mwaka 1960 Wamarekani walipatana na serikali ya Uingereza kujenga Unguja kituo cha redio cha kufuata vyombo vyao. Palitokea ubishi mwingi, maana watu wengi wa siasa waliogopa kwamba kitaleta vita kisiwani. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipozunguka dunia mara 3, kituo cha Unguja kilikuwa mmoja wa mlolongo wa vituo vilivyozungumza naye kwa redio, baada ya kile cha Kano, Nijeria. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kile kiliondolewa.

Na pwani ya Kenya, mbele ya Ngomeni kaskazini ya Malindi, Waitaliano chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, wakayaita San Marco. Kwa nini huko? Kwa sababu dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na penye ikweta mwendo wake ni zaidi ya kilometa 1,600 kwa saa. Roketi irushwayo karibu na ikweta hupewa mwendo huo bure, kama mtu arukaye kutoka gari linalokwenda. Toka mwaka 1967 hata 1988 satelaiti 9 zilirushwa kutoka pale. Mojawapo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota tu, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ndivyo neno la Kiswahili lilivyoingia katika vitabu vya elimu ya nyota duniani pote.

Lakini mjomba atasema, hao walikuwa wageni. Haya, na tuwatazame jirani. Mwaka 2020 vijana watatu wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derick Tebusweke, walikwenda katika Chuo cha Ufundi cha Kyushu, Japani. Huko waliunda satelaiti ya kwanza ya nchi yao, PearlAfricaSat-1: sanduku la sentimeta 10 kila upande, lenye kamera ya kutazama ardhi. Ilipelekwa juu Novemba 2022, ikaachiliwa angani tarehe 2 Desemba. Kenya nayo, kwa mkono wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilikwisha kupata yake mwaka 2018, kisha Taifa-1 mwaka 2023. Hao hawakuzaliwa na akili za namna nyingine.

Tena kazi yenyewe si mchezo wa kutazama mwezi. Mei 2024 tufani iitwayo Hidaya ilipokaribia pwani yetu, ilionekana kwa picha kutoka angani, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawaonya watu mapema. Misitu ya Uluguru, ambako mto Ruvu hupata maji yanyweshayo Dar es Salaam, hupimwa kwa picha hizohizo: mtu aweza kulinganisha msitu wa leo na ule wa miaka mingi iliyopita, akaona mahali shoka lilipopita.

Sasa njia. Fizikia, Kemia na Hisabati ya juu katika kidato cha tano na cha sita: hizo ndizo mlango, na mwana asiyezipenda na aambiwe mapema. Shule za Mzumbe na Kilakala, zilizo mlangoni petu, zina sifa ya masomo hayo, wavulana kwa wasichana. Baada ya hapo, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, hufundisha matengenezo ya ndege. Na Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha uhandisi wa anga. Hatutaki kuwadanganya: Tanzania haina mahali pa kurushia roketi, na nafasi za kazi hii kwetu ni chache. Lakini ajuaye umeme mdogo, metali na kompyuta kwa kadiri hiyo hatakosa kazi nyingine. Na mjomba asiuze shamba kwa ajili ya wakala aahidiye vyuo vya ng'ambo kwa maneno matupu. Barua ya chuo yenyewe ndiyo ya kutazamwa, tena isomwe na mwalimu.

Walimu waweza kuanza bila fedha. Twaeni chupa ya plastiki, tieni maji kadiri ya theluthi, zibeni kwa kizibo kilichopitishwa sindano ya pampu ya mpira, simamisheni mdomo ukielekea chini, kisha pampuni kwa pampu ya baiskeli. Watoto wasimame mbali, wala mtu asiinamie chupa. Kizibo kikitoka, maji husukumwa chini na chupa hupanda. Mtoto mmoja asimame pembeni na pembe ya kupimia yenye uzi na kijiwe. Akiiona chupa kileleni mwa mwendo wake kwa digrii 45, umbali kutoka kwake mpaka pale iliporuka ndio kimo chake, pamoja na kimo cha jicho lake.

Na jioni, anga likiwa safi, mara baada ya jua kuchwa, tokeni nje na watoto. Siku nyingine mtaona nuru kubwa kuliko nyota, nyeupe, isiyowaka na kuzimika, ikivuka anga kwa dakika chache. Hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilometa 400 hivi juu, kizungukacho dunia kwa muda wa dakika 90 hivi. Ndani yake wamo watu, na upande mmoja kipo chumba cha Wajapani kiitwacho Kibo, ambacho kwacho sanduku la wale vijana wa Uganda liliachiliwa.