GARI LINAPOSHTUKA: PIMA OILI KABLA HUJANUNUA GIABOKSI

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, kama umepata kupanga foleni ya kivuko cha Kamanga, upande wa Mwanza mjini, unaijua hali yake. Magari husogea hatua mbili yakasimama, na katikati yake hupita watu wenye vikapu, ndoo za dagaa na watoto mgongoni.

Asubuhi moja nilikuwa katika foleni hiyo, ndani ya gari dogo la jamaa yangu. Ni gari la Kijapani lenye gia otomatiki, na umri wake umepita miaka 20. Foleni iliposogea, jamaa yangu aliachia breki taratibu, kama ilivyo desturi yake. Gari lilisita, kisha likaruka mbele kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Lilisimama hatua moja tu nyuma ya mama aliyejitwisha ndoo. Mama yule aligeuka, akatutazama, asiseme neno. Jamaa yangu ndiye aliyesema, "Hufanya hivi mara moja moja. Ndiyo tabia yake."

Ndugu yangu, gari halina tabia, lina dalili. Na dalili inayokuja na kupotea ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu humfanya mwenye gari aseme "nitaangalia kesho."

Fundi wa kwanza aliyeulizwa hakufungua hata boneti. Alisema giaboksi imekwisha, itafutwe nyingine ya mtumba. Jamaa yangu akaanza kufikiria mkopo wa chama cha akiba, huku ada za watoto zikimsubiri. Kwa bahati njema alishauriwa amwone mzee mmoja kule Nyakato, naye mzee alianza kwa maswali. Linashtuka likiwa baridi au limekwisha kushika moto? Wakati wa kuingiza gia, au likiwa mwendoni? Penye mlima, penye kona, au mahali popote?

Maswali hayo si porojo. Gari likikatakata unapokanyaga mafuta, na taa ya injini ikiwaka, huenda ugonjwa ni plagi, koili au filta ya petroli, wala giaboksi haihusiki. Likipiga kishindo mara tu unapoingiza gia, yatazame maunti, yaani mipira inayoishika injini, kwani huchoka na kupasuka. Lakini injini ikinguruma bila gari kwenda, kisha gari likakamata ghafla na kuruka, shuku giaboksi. Na jambo la kwanza la kutazama humo ni oili. Basi weka daftari ndani ya gari, uandike kila mara linaposhtuka. Maelezo hayo yatamfaa fundi kuliko kubahatisha.

Kwa nini oili? Katika gia otomatiki, oili haifanyi kazi ya kulainisha peke yake. Ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka mbele, ndiyo inayozibana klachi za ndani, na ndiyo inayochukua joto. Ikipungua, pampu hunyonya hewa pamoja na oili. Hewa haina nguvu ya kubana, hivyo klachi huteleza, halafu hukamata kwa kishindo. Na kwa kuwa oili iliyopungua huhamahama gari linapopanda mlima, kukata kona au kufunga breki, kasoro hujitokeza hapa na kupotea pale.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Endesha gari mpaka lipate moto, kisha liegeshe mahali tambarare na kuvuta handibreki. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia zote moja baada ya nyingine, kisha rudisha kwenye P. Katika magari mengi injini huachwa inanguruma. Magari ya Honda hupimwa mara baada ya kuizima. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, ukichomoe tena. Oili ifike kwenye alama ya moto. Usizidishe, maana oili iliyozidi hufanya povu, na povu nalo huleta mishtuko ile ile. Kama gari lako halina kijiti hicho, mwachie fundi.

Tazama pia rangi na harufu. Oili njema kwa kawaida ni nyekundu na inapenya mwanga. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na yenye harufu ya kuungua, imechoka. Ikifanana na maziwa, maji yameingia, mara nyingi kutoka kwenye rejeta. Gari hilo lisiendeshwe tena.

Kosa jingine ni kutia oili yoyote iliyopo dukani. Gari moja hutaka Dexron, jingine T-IV, jingine WS, na giaboksi za CVT zina oili yake. Soma kitabu cha gari. Tena ujue kwamba kufungua nati ya chini hutoa sehemu tu ya oili, kwani nyingine hubaki ndani. Ndiyo maana mafundi wengine hurudia kazi hiyo baada ya siku kadhaa. Na oili ya gia haiungui kama ya injini. Ikipungua, inavuja, tafuta inapovujia.

Kwa jamaa yangu ilikuwa ikivuja kwenye bomba la mpira liendalo kwenye rejeta, tone kwa tone. Bomba jipya, klipu mbili na oili sahihi vilimaliza maneno, na mkopo haukuchukuliwa. Si kila gari hupona hivyo. Vipande vya chuma vikionekana kwenye sahani ya giaboksi, uchakavu umekwisha kuingia, na oili peke yake haitauponya.

Lakini pima kwanza. Na mpaka gari lipone, usiliingize kivukoni. Hata likiwa zima, ukishapanda kivuko weka P, vuta handibreki na uzime injini. Mbele yako yupo mama mwenye ndoo, na nyuma yako ni ziwa.