Kumbukumbu hai, kumbukumbu mfu: ni ipi inayosahau?

Ruta ni mashine inayoamua kila kifurushi cha data kipitie njia gani. Katika ruta kubwa kazi hiyo imegawanywa. Tuchukue Cisco 12000: vifurushi vyenyewe vinapitishwa na kadi za laini, na kadi nyingine, iitwayo GRP, ndiyo inayoongoza. GRP inazungumza na ruta za jirani, inapanga jedwali la njia, kisha inaigawia kila kadi ya laini nakala yake.

Juu ya GRP kuna prosesa ya R5000 yenye kasi ya megahezi 200 (simu ya mfukoni ya leo inaishinda kwa mbali) na mlango wa konsoli ambamo fundi anachomeka waya wa ordineta yake. Tuyapite hayo. Kinachotuhusu sisi watu wa lugha ni kumbukumbu, kwa sababu ziko za namna nyingi na Kiswahili kinaziita zote jina moja.

Katika DRAM mna jedwali la njia na mipangilio inayotumika saa hii. ROM inashika programu ndogo ya kuamsha mashine. Flashi inahifadhi programu kubwa ya uendeshaji, IOS. Halafu kuna NVRAM, kilobaiti 512 tu, inayotunza mipangilio ambayo mashine itaisoma siku itakapowashwa tena.

Kifaransa tunachosomea kinasema mémoire vive kwa DRAM na mémoire morte kwa ROM. Vive maana yake unaweza kuandika, kufuta na kuandika tena. Morte inasomwa tu. Ukitafsiri neno kwa neno unapata kumbukumbu hai na kumbukumbu mfu, na hapo sikio la Mswahili linapotea: kilicho hai ndicho kinachobaki, sivyo? Lakini umeme ukikatika, ile hai inafutika yote. Ile mfu haisahau kitu.

Si mchezo wa maneno tu. Fundi anabadilisha mipangilio, anaona kila kitu kinatembea, anarudi nyumbani. Kama hakuamuru mashine inakili mipangilio kutoka DRAM hadi NVRAM, kukatika kwa umeme usiku mmoja, jambo tunalolijua sana, kunairudisha ruta kwenye mipangilio ya zamani. Ukimwambia kwamba kazi yake “iko katika kumbukumbu,” umesema kweli, ila hukumsaidia.

Mimi ningeacha hai na mfu. DRAM iitwe kumbukumbu ya muda. ROM na flashi, kumbukumbu za kudumu. NVRAM inadumu pia, lakini fundi anaiandika upya kila mara anapohifadhi mipangilio yake, kwa hiyo inastahili jina lake: daftari. Neno hilo tunalo tayari, na hata mtoto wa shule anajua kwamba kisichoandikwa katika daftari hakitasomwa kesho.