Orka na Swali la Lango

Kila inapozungumzwa habari ya nyangumi wauaji, au orka kama wengine wawaitavyo, wanaofungwa katika mabwawa ya maonyesho, hainuki hadhara ila mtu mwenye moyo safi ameuliza: "Basi kwa nini lango lisifunguliwe wakarudi baharini?" Nimelijibu swali hilo mara nyingi kwa upole. Leo nalijibu kwa ukali kidogo, kwa kuwa rai hiyo, ijapokuwa imevaa vazi la huruma, ndiyo inayowafanya watu wadhani kwamba dhulma hii ina tiba nyepesi, na kwamba aliyemteka mnyama jana aweza kuisahihisha taksiri yake kesho kwa kufungua kitasa.

Itikadi hiyo imetiwa nguvu na filamu ya mwaka 1993, ambayo mwishoni mwake orka huruka juu ya ukuta wa mawe akaenda zake huru. Keiko, mnyama aliyeonekana humo, alitekwa Iceland mwaka 1979 angali mtoto, na wakati filamu ilipokuwa ikiwaliza watu duniani, yeye mwenyewe alikuwa bado hodhini Mexico, mgonjwa wa ngozi. Yakachangwa mamilioni ya dola. Mwaka 1996 akapelekwa Oregon kutibiwa, mwaka 1998 akarejeshwa Iceland katika ghuba iliyofungwa kwa wavu, akafundishwa kukamata samaki hai, na mwaka 2002 akaondoka, akavuka bahari hata Norway. Wenye rai ya lango hupenda kunikumbusha kwamba alipofika hakuwa amekonda. Ni kweli, lakini na watazame alilolifanya baada ya kufika. Hakujiunga na orka wenzake, bali alifuata mashua na watu, watoto wakaogelea naye, akabaki mikononi mwa walezi wake waliomlisha, mpaka alipokufa kwa kichomi Desemba 2003. Viungo vyake vilitosha kuvuka bahari. Alichokosa ni jamaa.

Maana orka hazaliwi na ilimu ya kuishi. Kila aila, ambayo aghalabu huongozwa na mama au bibi, ina milio yake na mapito yake, na ina riziki yake iliyoizoea: katika maji yale yale ya magharibi ya Canada wako wanaokula samoni na wako wanaowinda sili, wala makundi hayo hayazaliani. Mtoto huyapata hayo kwa kumwandama mama yake miaka mingi, na miongoni mwa wala samoni hata dume aliyekomaa hubaki ubavuni pa mamaye. Amtekaye mtoto, basi, hamwondoi baharini tu. Amekata silsila ambayo hakuna mwalimu wa kibinadamu awezaye kuiunga.

Nitaambiwa: na Springer je? Huyo ni mtoto yatima aliyekutwa karibu na Seattle mwaka 2002, akatibiwa majuma machache katika zizi la wavu, kisha akapelekwa kaskazini kwenye maji ya ukoo wake, uliotambulikana kwa milio yake. Akapokewa, na mwaka 2013 akaonekana na mtoto. Kisa hicho kinathibitisha nisemayo. Springer alikuwa ameshalelewa na mama, na nduguze walijulikana walipo. Lakini hao waliozaliwa mabwawani, ambao wengi wazazi wao walitekwa bahari mbalimbali, tuwafungulie lango la bahari ipi? Na wawinde kwa meno gani, ilhali wengi wameyasaga kwa kutafuna saruji na vyuma, hata yakatobolewa na kuwa ya kusafishwa kila siku yasitunge usaha?

Wala kufungwa kwao hakumlindi binadamu. Haijathibitika kwamba orka wa baharini amewahi kumwua mtu. Mabwawani wamekufa watu wanne. Tilikum, aliyetekwa Iceland mwaka 1983, alihusika na vifo vitatu katika hivyo, cha kwanza mwaka 1991 huko Canada, na cha mwisho mwaka 2010 huko Orlando, alipokufa Dawn Brancheau, mwalimu hodari wa kazi yake. Baada ya kifo kile cha kwanza alinunuliwa na bustani nyingine, akafanywa dume la mbegu. Sioni insafu yoyote katika biashara hiyo, wala sijapata kusikia hoja ya ilimu iliyoitetea nikaridhika nayo.

Yaliyobaki kufanywa ni machache. Uzalishaji ukomeshwe, kama California ilivyoamuru mwaka 2016 na Canada mwaka 2019. Maonyesho yafutwe, na mtu asiingie majini pamoja nao. Waliopo, wale wenye afya ya kustahimili safari, wahamishiwe ghuba za wavu zenye daktari na chakula cha uhakika hadi ajali zao, na gharama wazilipe waliochuma faida; wasioweza kusafiri wapanuliwe mabwawa, wala asitengwe mmoja peke yake. Nawe msafiri, usikate tikiti penye orka wa kuchezeshwa: bustani kubwa ya bahari iliyofunguliwa Abu Dhabi mwaka 2023 ilifunguliwa bila ya orka hata mmoja.