Maadili ya Biashara Hayaishii Kwenye Mizani

Yako madai yanayorudiwa mara kwa mara, hata na wanafunzi wa Elimu ya Biashara, kwamba biashara na maadili haviwezi kulala chumba kimoja. Mfanyabiashara, wasema, kazi yake ni kutafuta faida. Maadili ni ya msikitini na kanisani. Mwenye kutaka kuyapima madai hayo si lazima aanzie katika vitabu vya ng'ambo. Na aanzie katika msamiati wa Kiswahili, lugha iliyolelewa bandarini na sokoni.

Tutazame neno mali kauli. Huu ni utaratibu wa mwenye bidhaa kumkabidhi mwenzake mali bila malipo, akaiuze kwanza, kisha arudi kulipa. Hapana rehani; kinachowekwa ni kauli tu, yaani neno la mtu. Bila uaminifu wa namna hii, biashara ya majahazi katika Bandari ya Kale ya Mombasa isingaliwezekana, kwani nahodha aliyeondoka na upepo wa kusi kwenda Arabuni au Bara Hindi hakutazamiwa kurejea ila na kaskazi. Nalo neno amana lina mzizi mmoja wa Kiarabu na maneno imani, amini na uaminifu. Neno adili, tulikopatia maadili, asili yake ni haki na usawa. Hata leo, katika maduka ya Mtaa wa Biashara, leso huuzwa zikiwa na maandishi ya pembeni, "Mali ya Abdulla". Jina la mwenye mali limechapwa juu ya mali yenyewe, na mwenye kulalamika anajua pa kwenda.

Basi ni dhahiri kwamba maadili hayakuletwa sokoni na wageni. Swali gumu zaidi ni hili: je, mfanyabiashara mwaminifu huwa mwaminifu kwa sababu gani?

Mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg, alilishughulikia swali hilo katika tasnifu yake ya mwaka wa 1958, katika Chuo Kikuu cha Chicago. Hakujali sana jibu la mtu alipoulizwa lipi jema na lipi baya. Alichotaka kujua ni hoja iliyomfikisha kwenye jibu hilo. Akaona kwamba hoja za binadamu hukua kwa ngazi tatu. Tumchukue muuza iliki wa Marikiti mwenye mizani mbele yake. Katika ngazi ya kwanza, hampunji mnunuzi kwa kuwa anamwogopa mkaguzi wa vipimo, au kwa kuwa mteja aliyepunjwa hatarudi. Katika ngazi ya pili, hapunji kwa sababu ya jina lake mbele ya majirani, na kwa kuwa sheria ni sheria. Katika ngazi ya tatu, hapunji kwa kuwa kila gramu iliyolipiwa ni haki ya mnunuzi, awe anajulikana au hajulikani, awe mkaguzi yupo au hayupo.

Wapo waliompinga. Carol Gilligan, katika kitabu chake cha mwaka wa 1982, alidai kwamba Kohlberg, aliyeanza kwa kuwahoji wavulana peke yao, aliitukuza haki na kuusahau utu wa kujaliana. Hoja hiyo ina uzito. Katika Mji wa Kale, ambako vibaraza vinatazamana, kumjali jirani ni ulinzi mkubwa kuliko mahakama. Hata hivyo, maadili ya kujuana yana mpaka wake, na historia ya kisiwa hiki inatuonyesha mpaka huo ulipo.

Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa pwani waliotimiza ahadi na kulipa madeni yao kwa wakati waliuza pembe za ndovu, na wengine wao waliuza watu. Daftari ya mfanyabiashara wa namna hiyo iliweza kuwa safi kabisa. Mila ilimruhusu, na majirani walimheshimu. Mkataba wa mwaka wa 1873 baina ya Sultani Barghash na Waingereza ulifunga masoko ya watumwa. Mwaka wa 1875 kukaanzishwa makao ya watumwa waliokombolewa huko Frere Town, ng'ambo ya kisiwa. Lakini katika ukanda wa pwani ya Kenya, utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi mwaka wa 1907. Hapa ndipo tunapojifunza kwamba mizani sahihi haitoshi. Yapasa kuuliza pia ni nini, au ni nani, kilichowekwa juu ya mizani hiyo.

Neno la pili la kutazamwa ni hongo. Zamani hili halikuwa neno la aibu. Lilikuwa jina la ushuru ambao misafara iliwalipa watawala wa bara ili ipite katika nchi zao. Joseph Thomson, aliyeondoka Mombasa mwaka wa 1883 kuelekea Umasaini, aliulipa ushuru huo njiani. Hongo ya siku hizo ilidaiwa hadharani, ikajadiliwa na kulipwa machoni pa wapagazi wote. Hongo ya leo hutolewa faraghani kwa mtu anayeuza asichokimiliki: sahihi, muhuri, au nafasi katika foleni. Ndiyo maana imezungukwa na tasfida. Tunaiita chai, tunaiita kitu kidogo. Tendo lisiloonewa haya halihitaji kufichwa nyuma ya kikombe cha chai.

Sasa tutoke katika vichochoro vya Mji wa Kale tuelekee Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, ambako makontena hupita yakienda hadi Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Atakayeumia kwa hati ya uongo iliyopigwa muhuri hapo hana sura. Pengine ni mgonjwa wa mbali aliyeuziwa dawa bandia. Hatakuja kibarazani kulalamika, wala haya ya majirani haitamlinda. Atalindwa na sheria na dhamiri. Sheria tunayo: Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 inamtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji, na inayataka hata makampuni ya binafsi yaweke taratibu za kuizuia. Je, dhamiri?

Kisa cha David Munyakei chajibu. Mapema katika miaka ya 1990, kampuni ya Goldenberg International ililipwa na Serikali mabilioni ya shilingi, kwa kiwango cha asilimia 35, kama fidia ya kuuza dhahabu na almasi katika nchi za nje. Tume ya Jaji Bosire, katika ripoti yake ya mwaka wa 2006, ilionyesha kwamba biashara hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya kubuni. Munyakei alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, na karatasi zilipitia mikononi mwake. Mwaka wa 1993 aliwapa wabunge wa upinzani nakala zake. Alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za Serikali. Hakutiwa hatiani, lakini kazi aliipoteza. Akahamia Mombasa, akasilimu, akaoa. Mwaka wa 2004 shirika la Transparency International lilimtunukia tuzo ya uadilifu. Mwaka wa 2006 alifariki dunia bila kurudishiwa kazi yake.

Yupo atakayesema kwamba Munyakei alivunja amana, kwani mwajiri alimkabidhi siri. Swali hilo ni la haki na lastahili kujadiliwa darasani: amana hiyo ilikuwa ya nani? Jibu langu ni kwamba fedha zilikuwa za wananchi, na asiye na mali hana siri ya kumwekea mtu juu ya mali hiyo. Munyakei alitunza amana ya watu asiowajua, nao wengi wao hawakumjua yeye.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tusiridhike na kuwakaririsha vijana kwamba wizi ni mbaya na hongo ni dhambi. Mwanafunzi huyaandika hayo katika mtihani akapata alama zote, kisha akaingia kazini na kudai chai. Tumwulize: kwa nini usipunje, na mkaguzi yuko likizo? Kwa nini useme kweli, na kazi iko hatarini? Akijibu kwa hofu, tumvute mbele. Akijibu kwa jina lake mbele ya jirani, tumsifu, kisha tumwulize juu ya yule asiye jirani.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa na haki, lakini daftari huandikwa na mkono wa mtu, na mkono huo ndio tuliokabidhiwa sisi kuulea.