Kusahihisha na Kuandika Upya: Muswada wa Kiingereza Mikononi mwa Mwanachuo

Aghalabu mwanafunzi wa chuo kikuu akirudishiwa muswada wa tasnifu uliojaa wino mwekundu, hushika kalamu akarekebisha hijai, akaongeza vituo, akabadili neno moja kwa jingine, kisha akampelekea msimamizi wake muswada ule ule akiamini kwamba ameuandika upya. Kumbe hoja iliyolegea katika sura ya pili ingali imelegea. Kazi mbili zilizo mbalimbali, yaani kusahihisha na kuandika upya, zimechanganywa, na iliyopotea ni ile kubwa.

Mchanganyiko huu haukuzaliwa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1980 Nancy Sommers wa Marekani alichapisha uchunguzi uliowalinganisha wanafunzi 20 na waandishi wazoefu 20. Kila mmoja aliandika insha 3, na kila insha akaipitia na kuiandika tena mara 2. Kwa wanafunzi wale, kurekebisha kulikuwa kubadili maneno. Wazoefu, kwa upande wao, walikuwa wakitafuta umbo la hoja yenyewe, wala hawakuona taabu kuongeza au kufuta. Yafaa ikumbukwe kwamba wanafunzi hao walikuwa wakisoma katika vyuo vya Marekani. Kwa hiyo upungufu wa Kiingereza peke yake hauelezi jambo hili.

Hata hivyo, kwa mtu ambaye Kiswahili ndicho kilichomlea, kusahihisha nako kuna mambo yake. Msemaji wa Kiswahili husema "kitabu nilichokisoma", na kiambishi -ki- kinachokitaja kitabu kwa mara nyingine hakina kosa lolote. Kikihamishiwa Kiingereza, huzaa "the book which I read it". Vivyo hivyo "ingawa" huandamana na "lakini" katika sentensi moja ya Kiswahili bila kumkera msikilizaji, ambapo Kiingereza sanifu hutosheka na kimoja. Gumu kuliko yote ni kiambishi a- cha nafsi ya tatu, kisichobagua mume na mke. Mwandishi anayechambua utenzi wa Mwana Kupona aweza kumwita "she" mwanzoni mwa aya, na kufikia mwisho mshairi huyo amekwisha kuwa "he". Si kwamba mwandishi hajui kuwa Mwana Kupona alikuwa mwanamke. Ni kwamba sikio lake halikuzoea kushtuka mahali hapo. Makosa ya namna hii hayaonekani kwa kusoma haraka haraka. Hutakiwa msomo mmoja kwa ajili ya viwakilishi tu, na mwingine kwa ajili ya virejeshi tu.

S. Pit Corder alikwisha kueleza, mwaka 1967, tofauti iliyopo baina ya kuteleza na kukosea. Anayeteleza aijua kanuni, na alama moja pembeni yamtosha. Anayekosea anafuata kanuni aliyojitungia mwenyewe. Huyo hata akipigiwa mstari mara ishirini, bila maelezo atarudia kosa lile lile.

Je, basi, mhadhiri asahihishe au asisahihishe? Mwaka 1996 John Truscott alidai kwamba usahihishaji wa sarufi katika madarasa ya uandishi wa lugha ya pili haufai kitu, tena una madhara, na uachwe. Dana Ferris alimjibu mwaka 1999 kuwa hukumu hiyo ilikuwa ya haraka, kwani usahihishaji uliochagua makosa machache na ulio wazi waweza kusaidia. Mjadala huo ulirefuka. Lakini kwa msimamizi wa tasnifu, swali lililo karibu zaidi ni la wakati. Anayesafisha kila herufi ya rasimu ya kwanza anasafisha sentensi ambazo pengine zilistahili kufutwa kesho yake. Na mwanafunzi akiona sentensi imekwisha kutakaswa na mkubwa wake, huona haya kuifuta. Hivyo sura dhaifu hubaki, ikiwa na sarufi safi.

Kinga iliyo rahisi ni kwamba, kabla ya wino kugusa sarufi, mwandishi aandike pembeni mwa kila aya sentensi moja ya Kiswahili inayosema aya hiyo inadai nini. Pembeni zikisomwa zenyewe kutoka juu hadi chini, aya iliyorudia ya mwenziwe hujifichua mara moja, na iliyokaa si mahali pake huonekana. Na pale ambapo mwandishi anashindwa kuandika lolote, kwa lugha anayoimudu tangu utotoni, hapana budi aya hiyo ya Kiingereza itazamwe kwa jicho jingine, hata kama maneno yake yanapendeza na vituo vyake vyote vimekaa sawasawa.